Kwa nini mtu mzima anaacha chuo, na nini humfanya abaki

Mwalimu yeyote wa kozi za jioni anaijua hali hii. Wiki ya kwanza darasa limejaa mpaka wengine wanasimama ukutani. Ikifika wiki ya sita viti vimebaki vitupu. Walioondoka hawajaaga, na wakipigiwa simu hawapokei. Kwenye kikao cha walimu sababu hutolewa haraka: hawakuwa na nia, watu wazima ni wazito wa kusoma, walidhani ni mchezo. Kisha inaandaliwa semina ya kuwahamasisha waliobaki.

Jibu hilo limechanganya mambo matatu: hamu ya kusoma, uwezo wa kujifunza, na uwezo wa kubaki chuoni hadi mwisho. Mtu mwenye miaka 38 aliyelipa ada kutoka mfukoni mwake, akamwachia jirani watoto ili awahi kipindi cha saa kumi na moja jioni, hamu ameshaionyesha. Kumhubiria hamasa mtu huyo ni kumtibu ugonjwa asioumwa, na ule unaomsumbua unaendelea.

Tuanze na yeye mwenyewe. Umri peke yake hautoshi kumtambulisha. Binti wa miaka 23 mwenye mtoto na genge la nyanya ni mtu mzima kwa maana inayotuhusu hapa kuliko kijana wa miaka 28 anayelipiwa kila kitu na baba yake. Alama za mtu mzima ni kwamba kuna watu wanaomtegemea, kipato chake kinasimama kila anapoingia darasani, na mara nyingi ameshaifanya kazi hiyo kwa mikono yake kabla ya kuja kuisomea. Hiyo ya mwisho ndiyo vyuo vingi huisahau.

Mchukue fundi umeme wa mtaani Dar es Salaam au Mwanza, mtu aliyefunga waya kwenye nyumba za watu kwa miaka kumi. Mteja akitaka kuunganishiwa umeme na TANESCO, fomu za maombi zinahitaji mhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Fundi wetu hana. Kazi anafanya yeye, mhuri anautafuta kwa mtu mwingine, na sehemu ya fedha inaishia huko. Siku anapoingia chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, anachokifuata ni cheti kitakachomsogeza kwenye leseni. Dereva aliyeendesha lori miaka mingi naye huenda Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kwa sababu anataka kuendesha basi la abiria. Kenya, mafundi wa jua kali hufanya mitihani ya gredi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa sababu hiyo hiyo: ujuzi wanao, karatasi hawana.

Mwalimu akiwapokea watu hawa kwa somo la "umeme ni nini", kwa sauti ile ile anayowafundishia vijana waliomaliza kidato cha nne mwaka jana, wengi anawapoteza mapema. Wanahesabu saa walizokaa hapo, wanahesabu kazi waliyoiacha, wanaona hesabu haiendi.

Kwetu wazo la kumpa mtu mzima nafasi ya mbele si geni. Mwaka 1964, akiwasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba watu wazima ndio waanze kuelimishwa, kwa kuwa matunda ya kuwasomesha watoto yangechukua miaka mitano, kumi au hata ishirini kuonekana katika uchumi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikapewa sheria yake, na mwaka huo huo vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyochota mfano kutoka vyuo vya wananchi vya Sweden. VETA ilikuja na sheria ya 1994. Kwa hiyo majengo na sheria tunavyo. Udhaifu uko darasani na kwenye ratiba.

Kwa darasani, nitatumia somo moja tu, la mkondo wa umeme. Njia iliyozoeleka ni kuandika fomula ubaoni, kueleza herufi zake, kutoa mifano miwili, kisha zoezi. Nusu ya darasa la watu wazima itanyamaza, na ukimya huo mwalimu ataudhania ni uelewa. Mwalimu mwingine anaingia na eksitensheni iliyoyeyuka, zile tunazozijua sote, anaiweka mezani na kuuliza: hii imeungua kwa nini? Hapo hata aliyekaa nyuma kabisa ana la kusema. Waya feki. Plagi imelegea. Walichomeka jiko la umeme. Kila jibu linaandikwa, kwa sababu kila moja lina ukweli ndani yake. Kisha mwalimu anaorodhesha vilivyokuwa vimechomekwa: birika wati 2,000, pasi wati 1,000, jiko wati 2,000. Jumla wati 5,000. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 22. Sasa geuzeni eksitensheni msome kilichoandikwa mgongoni: ampea 13. Fomula imeingia mwishoni, kujibu swali ambalo darasa zima lilikuwa tayari linalo. Fundi aliyeunguliwa na waya kazini kwa miaka mingi anapata kwa mara ya kwanza namna ya kuliona tatizo kabla halijatokea, na kesho yake anamweleza mteja kwa tarakimu.

Uzoefu huo wa mwanafunzi una upande wa pili. Mtu aliyejifunzia mtaani huja pia na mazoea mabaya, kama kuziba nafasi ya fyuzi iliyoungua kwa uzi wa waya. Mwalimu akimcheka mbele ya wenzake, somo limekwisha. Yule mtu hatafungua tena mdomo, na huenda asirudi. Kinachosaidia ni kumwuliza kwanza anafanya hivyo kwa nini. Utasikia kwamba mteja hataki kununua fyuzi, au duka la karibu limefungwa, au ndivyo alivyoonyeshwa na fundi aliyemlea. Sababu hizo ni za kweli. Ukishazisikia, mnaweza kupiga hesabu pamoja ya mkondo ambao ule uzi wa waya utauruhusu upite kabla haujakatika, na yeye mwenyewe ataona nyumba inapoweza kuungua. Kumsahihisha mtu mzima kunachukua dakika nyingi kuliko kumfundisha kijana kitu kipya. Ratiba inayopangwa bila kulijua hilo humlazimisha mwalimu kuwa mkali.

Wataalamu wa Marekani wana jina la fani hii ya kufundisha watu wazima, andragojia, na aliyeieneza zaidi ni Malcolm Knowles mwaka 1970. Alisema mtu mzima anataka kujiongoza, analeta uzoefu, anataka kujua kwa nini anajifunza jambo, na anavutwa na tatizo lililo mbele yake. Kuna walimu wanaoyashika maneno hayo kama sheria na kumwachia mwanafunzi ajitafutie kila kitu. Lakini Knowles mwenyewe, mwaka 1980, alilegeza msimamo: akaeleza kwamba kati ya kuongozwa na kujiongoza kuna ngazi nyingi, na mtu yule yule anaweza kuwa ngazi tofauti katika mambo tofauti. Hilo linaonekana wazi karakanani. Mama anayeshona kwa miaka 15 hataki kushikwa mkono akiwa kwenye cherehani. Mkabidhi hesabu za sehemu na desimali, naye aliondoka shuleni akiwa na kumbukumbu ya fimbo na kusomwa wa mwisho darasani, utamkuta anataka aongozwe hatua kwa hatua, polepole, bila kuitwa ubaoni.

Hesabu na lugha huwaangusha watu wazima wengi ambao mikono yao haina tatizo. Jimbo la Washington, Marekani, lilipata jibu ambalo naliona la busara sana. Kuanzia miaka ya 2004 na 2005, vyuo vyake vya jamii vilianza mpango wa I-BEST, ambapo mwalimu wa fani na mwalimu wa stadi za msingi wanaingia darasa moja, kipindi kimoja. Kabla ya hapo mtu dhaifu katika hesabu alipelekwa kwanza kozi za kujiimarisha, na wengi waliishia huko bila kuigusa fani waliyoifuata. Kwetu mfano wake ni rahisi kuuona. Fundi cherehani anapima kifua sentimita 92, anagawanya kwa nne kupata 23, anaongeza nafasi ya kupumulia, anachora. Hapo kuna kugawanya, kujumlisha na vipimo, vyote juu ya kitambaa anachokijua bei yake. Mwalimu wa hesabu akikaa kwenye meza hiyo ya kukatia kwa saa moja kwa wiki, atavuna kuliko akiwa na chaki mbele ya watu waliochoka.

Sasa hamasa yenyewe. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, ambao nadharia yao ilikaa sawa katikati ya miaka ya 1980, wanasema hamu ya kudumu hulishwa na mambo matatu: mtu kuona ana kauli katika anachokifanya, kuona anaweza, na kuona yuko na watu wanaomjali. Hakuna hata moja linalopatikana kwa hotuba. Kuona anaweza kunapatikana pale wiki ya kwanza inapoisha akiwa na kitu kimoja kipya cha kutumia kazini Jumatatu, hata kiwe kidogo. Kuwa na kauli kunaanza na kuulizwa: wewe unafuata nini hapa, na unakihitaji lini?

Na kujaliwa, katika mazingira yetu, kuna sura yake. Mwalimu ana miaka 27, mwanafunzi ana 52. Nani amwamkie nani? Nimewasikia walimu vijana wakisema wakitoa shikamoo watapoteza mamlaka darasani. Kwa ninavyoona, ni kinyume. Mwalimu anayeingia na kusema "shikamoo mzee" kwa mtu anayestahili, akamwita mama kwa jina la mwanawe kama mtaa mzima unavyomwita, halafu akasimama imara kwenye kipimo cha kazi yake, hupewa heshima yote. Anayewaita wote "nyie watoto" huipoteza. Matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani kwa majina ni dharau ya aina hiyo hiyo: mwenye miaka 45 aliyepata alama 31 anasomwa na kijana aliye rika la mwanawe. Kumpa karatasi yake mkononi hakugharimu chochote.

Chombo cha hamasa chenye nguvu kuliko vyote tulivyo navyo ni ule utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa kwa kile anachokijua tayari, mapengo yanaonekana, anafundishwa mapengo hayo tu, kisha anafanyiwa tathmini na kupewa cheti. Ujumbe anaoupata ni kwamba miaka yake kumi ina thamani. Sielewi kwa nini darasa la kawaida la jioni lisitumie fikra hiyo hiyo. Jaribio la vitendo siku ya kwanza litamwonyesha mwalimu nani anahitaji nini, na litamwondolea mwenye ujuzi adha ya kukaa wiki nne akisikiliza anachokijua.

Yote hayo yakifanyika vizuri, bado watu wataondoka. Mwaka 1975 mtafiti wa elimu Vincent Tinto alieleza kwamba mwanafunzi hubaki kadiri anavyojiona sehemu ya chuo, kimasomo na kijamii. Vyuo vikaanzisha vilabu na matamasha. Kwa vijana wa bwenini inafaa. Mwaka 1985 John Bean na Barbara Metzner walionyesha kwamba kwa mwanafunzi anayetoka nyumbani na kurudi nyumbani, mwenye kazi na familia, uzito mkubwa uko nje ya lango la chuo: fedha, saa za kazi, malezi, na kama watu wa nyumbani wanaunga mkono. Patricia Cross, mwaka 1981, alikwisha kuvigawa vikwazo mafungu matatu: vya hali ya maisha, vya chuo chenyewe, na vya moyoni mwa mtu. Semina za hamasa zinalenga fungu la tatu peke yake.

Fungu la kwanza lina hesabu ambayo ofisi za udahili huwa haziipigi. Tuseme fundi ujenzi anapata shilingi 20,000 kwa siku. Kozi ikimtaka siku tatu za kutwa kwa wiki, anakosa shilingi 60,000 kila wiki. Kwa wiki 12 ni shilingi 720,000. Ada inaweza kuwa ndogo kabisa mbele ya hiyo. Kwa hiyo chuo kinaposema "kozi zetu ni nafuu", mwanafunzi anayajua malipo mengine ambayo hayamo kwenye risiti. Kuihamishia kozi hiyo hiyo jioni na Jumamosi ni sawa na kumpunguzia sehemu kubwa ya gharama bila serikali kutoa senti.

Kalenda nayo. Januari ni mwezi wa ada, sare na madaftari ya watoto. Kumdai mzazi ada yake mwenyewe kwa mkupuo mwezi huo ni kumchagulia, na atachagua watoto. Ramadhani, kipindi cha saa kumi na mbili jioni kinagongana na futari. Masika, mwenye shamba yuko shambani. Tarehe hizi, au angalau majira yake, zinajulikana mwaka mzima mapema, na ratiba inaweza kuandikwa kwa kuzifuata.

Kozi ikigawanywa vipande vifupi, kila kipande kikiwa na cheti au angalau alama inayotunzwa, mtu anayekatishwa na msiba au ugonjwa haanzi upya. Hapa ndipo fungu la pili, vikwazo vya chuo chenyewe, linapouma zaidi. Mtu amekosa wiki tatu akimuuguza mama yake hospitalini. Anarudi, anaambiwa mahudhurio hayatoshi, asubiri mwaka ujao. Huyo hajaacha chuo, amezuiwa kurudi. Utaratibu wa kurudi uandikwe na usomwe siku ya kwanza: ukikosa wiki mbili utafanya hivi, ukikosa mwezi utaingia kipande kinachofuata. Mwanafunzi ambaye hajui kama atapokewa hukaa nyumbani kwa aibu.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo 54 viko chini ya Wizara ya Elimu, vimefanya jambo linalostahili kuigwa. Chini ya programu ya Elimu Haina Mwisho, iliyowalenga wasichana na wanawake vijana waliokatiza masomo, mama anakuja chuoni na mtoto wake, na mtoto anapata mahali pa kulelewa wakati mama yuko darasani. Hakuna mbinu ya kufundisha inayoweza kuchukua nafasi ya hilo. Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kujifunza ususi au upishi akiwa na wasiwasi wa nani anamshika mwanawe.

Ushahidi kwamba misaada ya namna hii hufanya kazi upo. Mwaka 2007 vyuo vya jamii vya Jiji la New York vilianza mpango wa ASAP: pengo la ada linalipwa, kadi ya usafiri inatolewa, vitabu vinagharamiwa, na kila mwanafunzi ana mshauri anayemwona mara kwa mara. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliwagawa wanafunzi wa kipato cha chini kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango, wengine nje. Baada ya miaka mitatu, waliohitimu ndani ya mpango walikuwa asilimia 40, nje asilimia 22. Wengi wao walikuwa vijana, na mpango uliwataka wasome muda wote, sharti ambalo lingemfukuza fundi wetu siku ya kwanza. Cha kuchukua pale ni ile namna ya kuyaweka yote pamoja. Nauli peke yake, au ushauri peke yake, haikuwa siri ya mpango ule.

Mshauri ndiye sehemu ambayo hata chuo maskini kinaweza kuimudu. Mtu mmoja wa ofisini apewe kazi ya kumpigia simu mwanafunzi aliyekosa vipindi viwili mfululizo, siku hiyo hiyo ya pili, kabla ya aibu kukomaa. Aulize habari za nyumbani kwanza, kama watu wanavyouliziana, na suala la ada lisubiri.

Kuna pia kosa katika kuhesabu. Daftari la chuo lina waliomaliza na walioacha. Fundi magari aliyekuja kujifunza kusoma makosa ya injini kwa kompyuta, akakijua kifaa hicho katika mwezi wa tatu wa kozi na kurudi gereji kwake, anaandikwa mtoro. Yeye anajiona amefaulu. Pembeni yake yupo aliyeshindwa ada, na mwingine aliyechoshwa na mwalimu. Watatu hawa wakiwekwa safu moja, asilimia ya walioacha haimwambii mkuu wa chuo chochote anachoweza kukitendea kazi. Safu tatu zinatosha: aliyeondoka na alichokifuata, aliyekwamishwa na maisha, aliyekwamishwa na chuo. Zijazwe kwa simu, na apigaye asiwe mwalimu wa darasa lile, ili mtu aseme ukweli. Baada ya muhula mmoja majibu hayo yataonyesha kama kinachotakiwa ni kuhamisha saa za vipindi, kugawa ada kwa awamu, au kukaa na mwalimu mmoja na kuzungumza naye.